Blogu ya siasa na yanayosemwa Mwaloni

Asubuhi moja nikiwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mchuuzi wa dagaa aliwasomea wenzake simu kwa sauti: ushuru wa mazao ya ziwa umefutwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye blogu ya siasa. Watu wakashangilia, na mama mmoja akajikalia juu ya gunia lake akiapa kwamba leo hatoi hata senti. Haikupita nusu saa, kijana wa ushuru akatokea na mashine yake ya kukatia risiti. Ubishi ukawaka.

"Mzee, hebu niione hiyo simu," nikamwambia yule msomaji.

Aya ya nne ilieleza yote: mbunge mmoja alikuwa ameomba bungeni ushuru uondolewe. Ameomba tu. Aliyeandika kichwa cha habari ndiye aliyegeuza ombi kuwa sheria.

Nilipolisema hilo, mmoja akanijibu kwamba magazeti yamelificha, blogu ndiyo imelifichua. Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mara nyingi hakuna kilichofichwa. Ushuru wa halmashauri huwekwa au kubadilishwa kwa sheria, ikiwemo sheria ndogo inayopitia kwa madiwani na kuchapwa kwenye Gazeti la Serikali. Maneno ya mbunge huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, yakabaki maneno. Na anayetaka madudu ya halmashauri aanze na ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ifike kwa Rais, kisha bungeni, na baada ya hapo huwekwa mtandaoni, yeyote anaipakua. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kurasa zote zile. Hapo bloga anaweza kulishinda gazeti kabisa: gazeti litaipa ripoti siku mbili tatu, yeye anaweza kuliandama soko moja mwaka mzima.

Mfano mzuri uko Marekani. Desemba 2006 waendesha mashtaka kadhaa wa serikali kuu walifukuzwa kazi, na habari zao zikatawanyika, huku kidogo, kule kidogo. Josh Marshall na wenzake wa blogu ya Talking Points Memo wakaanza kuviunganisha vipande, wakaona ni jambo moja. Agosti 2007 Mwanasheria Mkuu, Alberto Gonzales, akatangaza kujiuzulu, na blogu ile ikapata tuzo ya uandishi wa habari ya George Polk. Lakini vipande vingi vilikuwa vimeandikwa na magazeti ya mikoani. Yasingekuwepo yale, Marshall angeunganisha nini?

Kwa hiyo anayesema blogu zimeshachukua nafasi ya redio na magazeti, mimi humkumbusha Septemba 2018. Kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Ziwa Victoria, karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa kubeba abiria 101, waliokufa walipita 220. Hesabu ile haikujulikana siku moja; ilipanda kadiri miili ilivyoopolewa, na ilihitaji mtu aliyesimama pale ufukweni, mwenye nauli, mwenye chaji, aliyetumwa na chombo kinachomlipa. Uchambuzi unaweza kuuandikia sebuleni kwako Nyegezi, huku Mwanza mjini. Maiti huwezi kuzihesabu ukiwa Nyegezi.

Eti bloga hana bosi, sheria haimgusi? Muulize aliyekuwa akiandika mwaka huohuo wa 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimdai shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya kila mwaka. Asiye na leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni ile hata Jamii Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilizima kwa muda. Kabla ya hapo kulikuwa tayari na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Gazeti angalau lina mhariri na wakili wa kumpigia. Bloga wa Igoma ana shemeji yake.

Na bahasha za kuwahonga waandishi? Zinapokelewa kwenye blogu pia, hasa msimu wa kura za maoni ndani ya vyama. Tuendelee.

Wapo wanaosema kinyume, kwamba bloga wote ni waongo. Hili nalijibu kwa aibu kidogo, maana nami nimewahi kuandika blogu. Niliwahi kuituhumu halmashauri moja ya kando ya ziwa kwamba imekula pesa za zahanati. Nilikuwa nimeona fedha zilizoidhinishwa kwenye bajeti, nikaona jengo halipo, nikajumlisha. Diwani mmoja akanipigia. Hakufoka. "Mwanangu, umesoma zilizopitishwa. Zilizopokelewa umezisoma?" Sikuwa nimezisoma. Bajeti ni ahadi. Pesa yenyewe ilikuwa haijatumwa hata shilingi. Sikudanganya, nilikosa mtu wa kuniuliza swali lile kabla sijabonyeza, na gazetini kazi hiyo ina mwenyewe.

Nilisahihisha siku ileile, kwa herufi nene, juu kabisa. Ila nakala za mwanzo zilikuwa zimeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp bila jina langu. Mwezi uliopita dada yangu wa Sengerema kanitumia moja, na chini yake ameandika: "Kaka, soma hii, magazeti hayawezi kukuambia."