Boriti haikuliwa na uzee

Juzi tena, kwenye nyumba ya ghorofa moja karibu na Mtaa wa India, Dar es Salaam, nimeambiwa yale yale: "Injinia, boriti za kizamani hizi, zimeshaoza. Toa zote, tumwage zege, yaishe."

Nikaomba nyundo. Katikati ya chumba, boriti ililia kama chuma. Nikabandua lipu kwa nje, pale kichwa cha boriti hiyo hiyo kinapoingia ukutani, mti ukanivunjikia vidoleni kama ugoro uliolowa. Mti mmoja, umri mmoja. Huo uzee ulichaguaje kula ncha ukaacha kiuno?

Kilichoiozesha ni saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa polepole. Boma la Kale, jengo la hapa jijini la miaka ya 1860, lina boriti za mikoko ndani ya ukuta wa namna hiyo hiyo. Akaja mtu akaupiga huu wetu lipu ya saruji "uwe imara". Maji yakapenya kwenye nyufa, pa kutokea yakakosa, yakajikusanya palipo na mti. Rangi ya plastiki juu yake ikamalizia. Mkimwaga zege, nondo zitalala kwenye ukuta ule ule uliolowa, zipate kutu.

Kwa hiyo saruji itoke kwanza, ukuta ukauke kwa miezi, si wiki, ndipo ncha zikatwe na kuungwa. Kuungwa na nini? Hapo mimi mwenyewe husita. Mkoko haukatwi bila kibali. Chuma kinabeba vizuri, lakini upepo wa bahari unakila. Na nyundo nayo hudanganya: niliwahi kuiacha boriti iliyolia vizuri, kumbe mchwa wamo upande wa juu.

Vyoo na ngazi mpya anavyotaka mwenye nyumba, nakubali kabisa, viende uani, kwenye fremu ya chuma yenye msingi wake, na mwanya katikati, maana jengo jipya litatitia na la zamani limeshatulia. Wala hilo jipya lisijifanye la kale. Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa juu ya kuhifadhi majengo ya kale, unataka kazi mpya ioneshe wakati wake. Mimi nalipendea zaidi jambo jingine: mabomba yote yatahamia huko, mbali na boriti.

Jumatatu tunaanza kubandua ukuta wa nyuma.