Taa ya LED ya kuotesha mimea ndani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Taa ya mimea lazima iwe ya zambarau."
Klorofili ikikamuliwa kutoka kwenye jani hufyonza zaidi mwanga wa bluu na mwekundu, na hapo ndipo dhana hii ilipoanzia. Jani zima hufyonza pia sehemu kubwa ya mwanga wa kijani. Mwaka 1972 K. J. McCree alipima mazao ya aina 22, akakuta hata mwanga wa kijani unatumika vizuri katika usanisinuru. Ukijiundia taa, nunua chipu (vipande vidogo vya LED vinavyotoa mwanga) nyeupe za kelvini 3,000 hadi 4,000; kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga. Chini ya mwanga mweupe utaliona jani linapoanza kuwa njano. Zambarau hulificha mpaka umechelewa.

"Dar ina jua tele, taa ya nini?"
Jua la mchana hufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Mita 2 ndani ya chumba cha ghorofani Upanga, nyuma ya nondo, wavu wa mbu na ukuta wa jirani, mara nyingi hubaki laksi mia chache tu. Saladi inataka kama 15,000, kwa saa 14 hadi 16.

"Draiva yoyote inayowasha taa inafaa."
Draiva ni kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uifae LED, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. LED hutawaliwa na mkondo, si volti. Chipu zikipata joto, volti zake hushuka na mkondo hupanda. Ukizifunga sambamba, yaani kila moja na njia yake ya umeme, ile iliyotangulia kupata moto hunyang'anya wenzake mkondo, hupata moto zaidi, hufa. Mzigo wake huwaangukia waliobaki, nao hufuata mmoja mmoja.

Zifunge kwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia moja. Chipu 10 zinazoitwa za wati 3, kila moja volti 3.2, zinataka volti 32. Tafuta Kariakoo draiva ya mkondo usiobadilika iliyoandikwa miliampea 600, volti 20–40. Utapata wati 19 (volti 32 mara ampea 0.6), si 30. Zinatosha trei ya sentimita 30 kwa 30, taa ikining'inia sentimita 20 hadi 25 juu ya majani. Unganisha chipu zote kabla ya kuchomeka plagi. Draiva isiyo na mzigo hupandisha volti, na ukiigusisha chipu wakati ina umeme, unaweza kuziunguza papo hapo.

Zile chipu za wati 50 zinazoungwa moja kwa moja kwenye volti 230, bila draiva, usiziweke kabisa juu ya mimea. Viungo vyake vina umeme wa ukutani ukiwa wazi, na mkono unaomwagilia huwa umelowa.

"LED haitoi joto."
Haitoi joto mbele kama balbu ya zamani. Nyuma ndiko liliko: zaidi ya nusu ya umeme unaoingia kwenye chipu za bei nafuu hugeuka joto, na Januari chumba chenyewe kimeshapita nyuzi 30. Kwa chipu hizo 10, chukua bati la alumini la sentimita 30 kwa 20, unene milimita 3. Mafundi wa madirisha huwa na vipande. Paka grisi ya kupitisha joto iwe tabaka jembamba. Ikiwa nene, inazuia joto badala ya kulipitisha. Kisha pima kwa mita ya umeme (multimita) kwamba hakuna mguu wa chipu unaogusana na bati, na funga bati kwenye waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Baada ya nusu saa ya kuwaka, chomoa plagi uweke kiganja: ukishindwa kuvumilia sekunde 5, bati ni dogo.

Kwa wanaoishi Kunduchi au Kigamboni, chumvi ya bahari hula viungo vya waya vilivyochomelewa kwa risasi. Vipake vanishi, lakini isiguse uso wa chipu.

"Ikiwaka usiku kucha, mmea utakua haraka."
Nyanya zikiwashiwa saa 24 majani huwa njano na kudumaa. Weka taima. Kwa saa 14, pamoja na kinachopotea kwenye draiva, taa hii hula takribani uniti 9 za LUKU kwa mwezi.