Mbwa wa Kufuga Nyumbani: Maswali Tunayoulizwa Siku ya Chanjo

Siku za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa zinapofika shehiani kwetu hapa Pemba, kazi yangu ni kukaa na daftari pembeni ya meza: naandika jina la mwenye mbwa, rangi ya mbwa na umri wake. Foleni huwa ndefu, kamba zinachanganyikana, mbwa wanabwekeana, na watu wakisubiri huuliza. Haya ndiyo wanayouliza mara kwa mara.

Sisi ni Waislamu na mbwa ni najisi. Vipi nimfuge?

Mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na wa kuwinda, ameruhusiwa katika Hadithi. Mbwa wengi wa hapa ndio hao hao: wanafukuza tumbili kwenye muhogo, na msimu wa karafuu wanalala pembeni ya majamvi. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na humo chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hauhamishi najisi. Zaidi ya hapo muulize sheikh wako.

Kiafya, utaratibu huu unatusaidia. Mbwa awe na sahani yake, banda lake nje chini ya kivuli, na mtoto aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kula. Ila lipo jambo moja watu wanalichanganya, nami nalikemea kila mwaka: udongo ni wa chombo, si wa jeraha. Aliyeng'atwa asipakwe udongo.

Mbwa aking'ata mtu, tuanze na lipi?

Maji na sabuni, dakika 15 kamili, kabla ya kutafuta gari, kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate, na sabuni inaviua na kuvitoa jerahani kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu.

Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Niliwahi kumkuta bibi mmoja anamwosha mjukuu wake aliyeng'atwa kwenye shavu la mguu. Alimwagia kata mbili za maji, akasema basi. Nikamwomba aendelee, nikashika simu kuangalia saa. Mtoto analia, povu linashuka mguuni, ndoo ya kwanza ikaisha. "Mwanangu, maji yote haya?" Nikamwambia, "Yote, bibi, na ndoo nyingine." Ilipofika dakika ya 15 tulikuwa kwenye ndoo ya tatu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Msipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala majani yaliyotwangwa. Msilifunge jeraha likabanwa. Likishaoshwa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Ya kwanza huchomwa siku anapofika, zinazofuata siku ya 3 na ya 7, kisha kwa ratiba atakayoandikiwa. Jeraha kubwa, hasa la kichwani, usoni au mikononi, huhitaji pia sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, kuzunguka jeraha lenyewe. Mama mjamzito anachomwa. Mtoto mchanga anachomwa. Na asiachie njiani kwa kuwa jeraha limekauka, maana kirusi hakijali kama ngozi imefunga: mara nyingi hukaa mwilini miezi 2 au 3 ndipo dalili zitokee, pengine hata zaidi ya mwaka. Dalili zikishaanza, mtu kuogopa maji, kukabwa na koo anapotaka kunywa, hapana tena dawa ya kumwokoa. Ndiyo maana nasisitiza hivi.

Lakini aliyemng'ata ni mbwa wetu wenyewe.

Kuoshwa na kwenda hospitali ni pale pale. Huyo mbwa msimuue na msimfukuze. Mfungeni mahali salama, mpeni chakula na maji, mumwangalie siku 10. Akizimaliza mzima wa afya, ina maana siku alipong'ata mate yake hayakuwa na kirusi, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Akibadilika au akifa ndani ya siku hizo, mjulisheni sheha na ofisi ya mifugo mara moja. Mbwa akiuawa na kutupwa porini siku ile ile, mmepoteza njia rahisi ya kujua.

Mwenye kichaa anatambulikanaje?

Wengi wanamngojea mbwa mkali anayekimbia na udenda mdomoni. Yupo huyo, anauma hata vijiti na mawe. Lakini yupo na mpole: anajificha uvunguni, sauti imekauka, taya limelegea, hawezi kumeza. Huyu wa pili ndiye ananitia hofu zaidi, maana mtu humwonea huruma akadhani kakwamwa na mwiba wa samaki, akatia mkono kinywani kuutafuta. Usitie mkono kinywani mwa mbwa anayetoka mate usiyojua sababu yake.

Kuchanja kila mwaka kuna haja gani? Mbona kichaa hatukisikii siku hizi?

Hatukisikii kwa sababu watu walichanja. Mwaka 2010 kichaa kilikuwa kinazunguka Pemba kwa minyororo mitano tofauti ya maambukizi, na watu walikufa. Chanjo ya kila mwaka kisiwa kizima ikakibana kidogo kidogo hadi Mei 2014, minyororo yote ikawa imekatika. Kisha kuchanja kukalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kisiwani, mara mbili, ukaenea kwa mbwa wasiochanjwa. Chanjo zikarudishwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukazimwa kwa mara ya pili. Wataalamu walilifuatilia hili mbwa kwa mbwa, kwa kuwahoji walioumwa na kusoma vinasaba vya virusi. Kisiwa chetu kimekuwa mfano kwa wengine, nami najivunia hilo.

Hesabu inayotumika duniani ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Wakifika hapo, ugonjwa unakosa pa kurukia. Kwa hiyo siku ya chanjo leteni wote, hata watoto wa mbwa mnaowaacha nyumbani mkidhani bado wadogo. Akichanjwa mdogo, arudiwe akitimiza miezi 3, kisha kila mwaka. Kadi yake iwekeni pamoja na kadi za kliniki za watoto, ipatikane siku ya shida.

Nimfundisheje asiwe mkali kwa watoto?

Anza mapema. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo mbwa anapojifunza nani ni rafiki: apitishwe karibu na kelele, baiskeli, wageni wenye kanzu na mabuibui, watoto wanaotoka chuoni. Mfundishe jina lake, "njoo", "kaa" na "acha", neno moja moja, na akitii mpe kipande cha dagaa papo hapo. Ukichelewa hata dakika moja hajui amelipwa kwa lipi. Fimbo haimfundishi isipokuwa woga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Vivyo hivyo anayefungwa mnyororo kutwa nzima juani. Ua mdogo wenye kivuli ni bora kuliko mnyororo mrefu.

Watoto nao wafundishwe. Hawamgusi mbwa akila, akilala au akinyonyesha. Wakifuatwa na mbwa wasiyemjua hawakimbii: wanasimama kama mti, mikono kifuani, macho chini, hadi aondoke.

Kupe wanamaliza mbwa wangu. Nimpake mafuta ya taa?

Hapana. Wala oili chafu ya gari, wala dawa ya kupulizia mboga. Mbwa hujiramba, na sumu iliyokuwa mgongoni inaishia tumboni. Nunua dawa ya mbwa kwa mtu wa mifugo, kwa kipimo cha uzito wake. Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa kuwa nyumba zetu zimejaa paka: dawa nyingi za kupe za mbwa zina pamithrini, na PAMITHRINI INAUA PAKA. Ukimpaka mbwa, paka asilale naye hadi dawa ikauke kabisa.

Kupe mmoja mmoja watoe kwa kibano, ukimkamata karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtie kwenye maji ya sabuni. Usimpasue kwa kucha. Tafuta ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu na chini ya mkia, ndipo wanapojificha. Kuoga, mara moja kila wiki 2 hadi 4 inatosha, kwa sabuni laini. Ukimpeleka baharini, kupe hawafi kwa chumvi, naye ukirudi msuuze kwa maji ya kisima, maana chumvi ikimkaukia inamwasha.

Mwanangu ana mstari mwekundu mguuni, unatembea na unawasha usiku. Ni mbwa?

Yawezekana. Ni kiluwiluwi, yaani mtoto wa mnyoo, wa safura ya mbwa au paka, kinachoingia kwenye ngozi mtu anapotembea peku kwenye mchanga wenye kinyesi. Kwa binadamu hakipati njia, kinabaki kutambaa chini ya ngozi. Daktari ana dawa yake, msikichimbe kwa sindano. Nyumbani, mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, na watoto wa mbwa waanze wakiwa na wiki 2, warudiwe kila wiki 2 hadi waache kunyonya. Kinyesi kizolewe kwa chepe kila siku, kifukiwe mbali na kisima. Kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo yanahitaji muda ndipo yawe ya kuambukiza, na ukizoa mapema umeyawahi.

Ale nini?

Ugali au wali uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miiba. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vikamchoma utumbo. Maji safi yasikosekane, hasa jua la kaskazi.

Mjomba wa Tanga ana mtoto wa mbwa mzuri, anataka kumleta kwa jahazi.

Kumbuka 2016: ugonjwa haukuota hapa, uliingizwa. Muulize mjomba kwanza kama mama wa huyo mtoto wa mbwa amechanjwa, maana mtoto aliyeambukizwa kabla ya chanjo, chanjo haimsaidii. Achanjwe huko huko akifika miezi 3, asafiri si chini ya wiki 4 baadaye, kinga ikiwa imeshajengeka, na awe na kibali cha ofisi ya mifugo mkononi. Hadi hapo, mwambie mjomba ambakishe.