Swala akikimbia baada ya risasi, usiniambie umemkosa

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana mwenye leseni halali, bunduki nzuri na darubini ya bei mbaya. "Mzee, nafasi niliipata, ila nikamkosa. Swala granti alisimama ubavu, kama mita 120 hivi. Nikapiga, akatimka na wenzake." Nikamuuliza kama alikwenda kuangalia pale yule mnyama alipokuwa amesimama. Akaniangalia kama mtu ambaye hakusikika. "Si nimekwambia alikimbia?"

Nimefanya kazi ya mwindaji bingwa, yaani kuongoza wageni wanaokuja kuwinda, kwa miaka mingi, nikiondoka hapa Arusha kila msimu unapofunguliwa Julai, na hakuna imani inayonikera kama hii. Watu wanakesha wakibishana kuhusu caliber (ukubwa wa risasi) na aina za darubini, halafu mnyama aliyepigwa vizuri kabisa anaachwa aoze nyuma ya kichaka kwa sababu hakuanguka pale pale kama kwenye filamu. Nafasi nyingi zinazosemwa zilipotea hazikupotea kwenye kupiga. Zilipotea katika nusu saa iliyofuata.

Tuanze na mwili. Risasi ya kifuani inaua kwa kukata damu isifike kwenye ubongo. Moyo ukishapasuka, ubongo unabaki na oksijeni ya sekunde 10 hivi, pengine 15, na misuli ya miguu ina akiba yake yenyewe. Swala pala akikimbia kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao kwake si wa kujitutumua, sekunde 10 zinamfikisha mita 110. Kwenye uwanda wa nyasi fupi utamwona akijikwaa na kuanguka. Kwenye vichaka vya Longido, ambako tandala mdogo anapotea kwa kuruka mara mbili tu, mita 110 ni sawa na wilaya nyingine. Kwa hiyo mnyama aliyepigwa moyoni kukimbia ni jambo la kawaida kabisa. Mimi huwa nategemea akimbie.

Anayenitia wasiwasi ni yule anayeanguka papo hapo.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili ndilo watu wanalipokea kinyume kabisa. Mnyama akidondoka kama gunia risasi inapolia, kuna mambo mawili. Ama uti wa mgongo au ubongo umevunjwa, na kazi imekwisha. Ama risasi imepita juu kidogo, ikagonga zile pembe za mifupa zilizosimama juu ya uti wa mgongo, ikautikisa bila kuukata. Huyu wa pili amezimia tu. Ana sekunde kadhaa, pengine dakika, halafu anainuka, anasimama akiyumba, na kabla hujaelewa unachokiona ameshaondoka, akiwa na jeraha la mnofu ambalo halitamuua leo. Na wewe muda huo uko wapi? Umeshaning'iniza bunduki mgongoni, unapeana mikono na watu, simu iko nje unapiga picha. Nimeona wageni wakisimama midomo wazi, bunduki haina risasi kwenye chemba, pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, wa kilo mia kadhaa, akiondoka mbele yao kwa mwendo wa taratibu.

Kwa sababu hiyo kwangu sheria ni moja, na sibishani nayo: risasi ikitoka, koki tena hapo hapo, yaani ingiza risasi nyingine kwenye chemba, bunduki ikiwa bado begani na jicho likiwa bado kwenye darubini. Aanguke, asianguke, koki. Kisha mwangalie yeye. Usimwangalie traka, yule mfuata nyayo wako, usimwangalie mgeni mwenzako, wala usiulize "nimempata?" Jibu liko kule mbele na litaonekana kwa sekunde mbili tatu tu.

Unaangalia nini? Akiruka juu kwa miguu ya mbele kisha akatoka mbio za chini chini, kichwa kimeshuka, mara nyingi ni moyo au mapafu. Akikunja mgongo kama mtu mwenye kichomi na kuondoka akitembea, umepiga tumbo, na siku yako imekuwa ndefu. Mguu ukining'inia, utauona. Akiwa kwenye kundi, usimpoteze katikati ya wenzake. Fuata kundi kwa macho uone nani anabaki nyuma au anajitenga. Swala mzima hapendi kubaki peke yake baada ya kishindo.

Kuna sauti pia. Risasi ya kisasa inakwenda kasi zaidi ya mara mbili ya sauti, kwa hiyo mnyama akiwa mita 150 unasikia mlio wa bunduki, kisha baada ya kama nusu sekunde na kidogo unarudi mlio mwingine: "tup!" Huo ni mgongano wa risasi na mwili. Aliyepiga mara nyingi haupati, kwa sababu masikio yake yamejaa mlio wa bunduki yake. Traka aliyesimama pembeni ndiye anaupata. Akiwa mita 50 milio yote miwili inaungana na hupati kitu. Wazee wa kazi hii watakuambia mlio wa kifua ni mzito na wa mtumbwi mtupu, wa tumbo ni wa majimaji, wa mfupa ni mkavu. Mimi nausikiliza, lakini sijawahi kuuamini peke yake. Gogo lililooza linatoa mlio unaofanana sana na wa kifua, na udongo mbichi unadanganya vilevile. Vitabu vinauandika kana kwamba ni kipimo cha maabara. Ni fununu tu.

Sasa tunafika pale ambapo kijana wangu hakufika kabisa, yaani mahali mnyama alipokuwa amesimama.

Aliyepiga abaki alipopigia. Asiondoke hata hatua moja. Ukitembea mita 120 kuelekea kichaka "kile chenye tawi lililovunjika", ukifika utakuta vichaka kumi vyenye matawi yaliyovunjika, na ukigeuka nyuma hutajua hata ulitokea wapi. Kwa hiyo mmoja anakwenda, na aliyepiga anamwelekeza kwa mkono: kushoto, kushoto tena, mbele kidogo, hapo. Pakipatikana, tunafunga kipande cha karatasi ya chooni kwenye tawi, usawa wa macho. Baada ya hapo kila alama ya damu inapewa karatasi yake. Ukipoteza alama unageuka nyuma, unaona mstari mweupe wa vikaratasi ukikuonyesha mnyama alikuwa anaelekea wapi, na unajua uanze tena kutafuta upande gani. Kazi ikiisha vinakusanywa vyote. Hakuna kifaa kinachouzwa dukani kilichoniokolea wanyama wengi kuliko karatasi ya chooni.

Papo hapo chini unatafuta kwato zilizochimba ghafla, vidole vimetanuka, udongo umerushwa nyuma. Unatafuta nywele. Risasi inakata nywele inapoingia na inapotoka, na rangi yake inasema ilipita wapi. Nywele nyeupe za granti zinaweza kuwa za tumbo au za matako, na zote mbili ni habari mbaya. Za kahawia, fupi, ni za ubavu au bega, hapo unapumua.

Kuhusu damu, watu wananiuliza kwa pupa: "Damu hakuna, si nimemkosa?" Hapana! Mita 30 au 50 za mwanzo unaweza usikute hata tone, na mnyama amekufa mbele yako. Tundu likiwa juu ubavuni, damu inajaa kwanza ndani ya kifua kabla ya kuanza kumwagika. Ngozi nayo inateleza juu ya jeraha anapokimbia na kuliziba. Kwa pofu dume aliyenenepa, mafuta yenyewe yanakuwa kizibo. Damu ikianza kuonekana, isome: ya waridi yenye povu ni mapafu; nyekundu iliyokolea na nyingi ni moyo au mshipa mkubwa; nyeusi nyeusi ni ini; yenye majani yaliyosagwa na harufu ya chakula ni tumbo. Angalia iko urefu gani kwenye nyasi, maana hiyo inakuambia jeraha liko juu au chini. Angalia kama iko pande zote mbili za njia, maana hapo risasi imetokea upande wa pili. Na kwenye mavumbi yale meupe ya upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kaa ukijua damu inakauka kuwa kahawia haraka mno na kufanana na takataka nyingine yoyote. Matraka wangu wa Kimaasai wanaangalia nzi na sisimizi kabla ya kuangalia rangi.

Nikisema haya, wengine wananiambia huo ni utaratibu wa wazungu. Nendeni Yaeda Chini, nendeni bonde la Eyasi mkawaulize Wahadzabe. Mshale wao wa wanyama wakubwa una sumu ya adenium, ule mmea wa shina nene na maua ya pinki ambao watu wa mjini wanaupanda kwenye vyungu. Sumu hiyo inashambulia moyo, lakini inachukua muda. Mhadzabe akimchoma tandala kwa mshale, tandala anaondoka, na mwindaji anamwacha aende. Anaangalia alama, anaokota kipande cha mshale, anarudi na wenzake baadaye kufuata nyayo. Angekuwa anaamini kwamba mnyama akikimbia amekosa, watoto wake wangelala njaa kila siku. Na hao wazungu wenyewe, Wajerumani, walizalisha aina nzima ya mbwa kwa kazi hii moja ya kufuata damu ya kulungu aliyejeruhiwa, tena kulungu aliyekimbia. Pande zote mbili za dunia wanajua jambo lile lile. Sijui sisi wa katikati tulilisahau wapi.

Suala ambalo sina uhakika nalo ni muda wa kusubiri. Kifua, hakuna shida: dakika 20 au 30, kaa chini, kunywa maji, kisha fuata. Tumbo ndilo linalonitesa. Kitabu kinasema subiri saa kadhaa, kwa sababu ukimfuata mapema unamwinua alipolala, na kila ukimwinua anakwenda mbali zaidi. Ni kweli. Lakini kitabu hicho kimeandikwa kwenye nchi za baridi, ambako ukimkuta asubuhi nyama bado ni nzima. Huku jua la saa nane mchana linaharibu nyama ya tumbo lililotoboka kwa muda mfupi, tumbusi wanamwona kabla yako, na fisi hasubiri mtu. Nimesubiri sana nikakuta pembe. Nimefuata mapema nikaona nyayo zikizidi kusonga mbele. Mpaka leo ninaamua kwa kuangalia kichaka, joto na saa, na nikiulizwa kanuni ni ipi, sina ya kutoa. Ukiwa karibu na mpaka wa Kenya au wa hifadhi ya taifa hesabu inabadilika tena, kwa sababu mnyama akivuka, bunduki yako haivuki.

Ninachokikataa kabisa ni risasi ya jioni. Kwetu huku jua likizama giza halibembelezi, na uwindaji wa usiku umekatazwa na sheria. Ukipiga saa kumi na mbili na robo jioni, umejinyima muda wote niliousimulia hapo juu. Mgeni atakuambia nafasi inapotea. Mwache aseme. Dume yule yule kesho asubuhi atakuwa eneo lile lile, akiwa mzima.

Sheria yenyewe, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake, haijali hadithi yako. Mnyama uliyemjeruhi anahesabiwa kwenye leseni sawa na uliyemuua, na akiwa ni nyati au chui unawajibika kumfuata na kutoa taarifa. Ndiyo maana askari wanyamapori anayeongozana na msafara anauliza maswali mengi kila risasi inapolia bila mnyama kuonekana. Hana nia mbaya na wewe.

Basi utasema lini kwamba umekosa? Utasema ukiwa na ushahidi wake. Risasi ambayo haikuingia mwilini imeingia mahali pengine. Simama pale penye karatasi ya kwanza, mwenzako akiwa bado amesimama alipopigia, chora mstari kati yenu kwa macho na uuendeleze nyuma. Tafuta mfereji kwenye udongo, gome lililochanika, tawi lililokatwa na kuachia utomvu. Tawi likiwa limekatwa kabla ya risasi kumfikia mnyama, jua kwamba risasi ilipinda na unaweza kuwa umejeruhi mahali ambapo hukulenga, kwa hiyo unarudi kwenye nyayo. Ukipata tundu kwenye udongo nyuma yake, halina unyevu wala unywele, na nyayo zimefuatwa mita 300 hivi bila tone na zinaonyesha mwendo uliotulia na kurudi kwenye kundi, hapo umekosa. Rudisha bunduki garini na ukaiangalie shabaha yake kwa kupiga karatasi ya kulengea.

Yule kijana nimemwambia arudi Longido na traka, aanzie pale alipopigia.