"Ina wati ngapi?" Swali hilo naomba tulizike leo

Naandika hii ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki tu, nimechoka kurudia. Kila nikiweka boksi la spika nje likauke rangi lazima apite mtu, asimame, agonge mbao kidogo kama anapima tikiti, halafu "fundi, hii ina wati ngapi?" Nikimwambia mia tatu anacheka. Kwake ana sabufa ya wati elfu nane. Ya juzi ndio imenimaliza kabisa, mzee mmoja jirani hapa Nkuhungu, Dodoma, binti yake ana sendoff, keshanunua hiyo elfu nane yake na anachotaka kwangu ni waya mrefu tu aiweke uwanjani, watu mia mbili wacheze. Shikamoo mzee wangu, lakini hapana.

Geuza hiyo sabufa nyuma, pale waya wa umeme unapoingia pana kibandiko. Kimeandikwa 230V, 50Hz, na pembeni wati 60. Au kama ni ya adapta, imeandikwa 12V 3A. Kumi na mbili mara tatu, 36. Kitu kinachovuta wati 36 kwenye soketi kitatoa wapi elfu nane mbele? Rudi kwenye katoni, chini ya ile namba kubwa utakuta herufi ndogo PMPO. Hiyo haina kipimo kinachokubalika popote, kila anayetengeneza katoni anajipangia tu. Soma RMS, yaani wati za kweli za kuendelea nazo muda mrefu. Basi, hilo limeisha.

Sasa kinachonikera zaidi ni wale walioshaelewa hapo, maana wao wanakuja na "sawa fundi, nipe yenye RMS kubwa". Wati za spika ni umeme inaoweza kula bila koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) kuungua. Kelele itakayotoa ni habari nyingine kabisa. Ni sawa na kuchagua kibarua wa kulima kwa kuhesabu anamaliza sahani ngapi za ugali wa uwele.

Namba unayoitaka ni sensitiviti, yaani ukiipa spika wati 1 ukasimama mita 1, unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi. Spika nyingi za nyumbani na za gari zinacheza kwenye 86 mpaka 90. Spika nzuri ya inchi 15 ya mziki wa nje inafika 97, 98. Mtu anaona tofauti ya kumi anasema ah ndogo. Ndogo?! Desibeli 10 ni wati mara kumi! Chukua spika ya 98 uipe wati 100, unapata 118. Chukua ya 88, kufika hapo hapo 118 unahitaji wati 1000, na hiyo koili ivumilie. Ampu ya wati elfu moja ya kweli bei yake unaijua, na jenereta la kuibeba nalo unalijua. Na ukiwa na ampu ya 500 ukanunua ya 1000, umeongeza desibeli 3. Tatu tu, sikio linasema imeongezeka kidogo, pesa imeongezeka sana.

Umeme uliobaki unaenda wapi? Joto. Spika ya desibeli 92 inageuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, kwa hiyo ukiipa wati 100, tisini na tisa zinaoka koili. Na koili ya shaba ikipata moto ukinzani unapanda, ikiongezeka nyuzi 200 ukinzani unakuwa karibu mara mbili ya mwanzo, hapo unapoteza kama desibeli 2 na nusu bila mtu kugusa kitu. DJ anasikia mziki umepoa saa sita usiku anaongeza volyumu, koili inazidi kuungua, asubuhi wanakuja kwangu "fundi spika zako mbovu".

Halafu kuna ujanja mwingine kwenye hizo karatasi za spika. Wanaandika sensitiviti kwa 2.83V badala ya wati 1. Kwenye spika ya omu 8 ni kitu kile kile, 2.83V ni wati 1. Kwenye ya omu 4 voti hizo hizo ni wati 2, kwa hiyo wamejizawadia desibeli 3 za bure na wewe umekaa unashangaa kwanini ya omu 4 "inapiga sana". Angalieni hilo jamani, hata watu wanaojiita mafundi linawapita.

Kuna hili la ampu ndogo kuunguza tuita, vile vispika vidogo vya sauti za juu. Linasemwa sana na ni kweli linatokea, ampu ndogo ikisukumwa mpaka taa nyekundu ya klipu (ampu imefika mwisho, inakata wimbi) inakaa imewaka, tuita zinakufa. Sababu ndio tunabishana. Maelezo ya kawaida ni kwamba wimbi likikatwa kichwa linazaa masafa mapya ya juu, hayo ndio yanaua. Mimi hayajanishawishi sana peke yake. Naona kikubwa ni kwamba besi imeshafika ukomo wa ampu, haiwezi kukua tena, lakini wewe unaendelea kuongeza volyumu, sauti za juu bado zina nafasi zinaendelea kupanda, wastani wa umeme unaofika kwenye tuita unazidi uwezo wake. Huenda yote mawili. Vyovyote vile, taa nyekundu ikiwaka shusha.

Boksi nitapita haraka. "Boksi kubwa ndio besi kubwa" si kweli, boksi linafuata spika. Mwaustralia mmoja, Thiele, alitoa hesabu zake 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 70, ndio maana namba za spika (Fs, yaani mtetemo wa asili wa koni, na wenzake Qts na Vas) zinaitwa kwa majina yao. Mfano, boksi la lita 100 unataka litunie 40Hz, yaani hewa yake itetemeke yenyewe kwenye besi hiyo, unaweka bomba mbili za PVC za kupitisha hewa, kipenyo cha ndani sentimita 10, urefu kama sentimita 22. Bomba moja ingekaa fupi, sentimita 7 hivi, lakini hewa inapita kwa kasi mpaka inapuliza kama firimbi. Tatizo spika nyingi za mtaani zinakuja bila karatasi yoyote, inabidi upime mwenyewe kwa mita na rizista, na nikiri kabisa spika hiyo hiyo ikipimwa mpya na ikipimwa baada ya kupigwa wiki mbili Fs inashuka, sasa boksi unalijengea namba ipi? Mimi naiacha icheze kwanza ndio napima. Plaiwudi milimita 18, mbao za kukaza ndani, gundi kila kona, hewa isivuje. Twende.

Sasa nje. Hapa Dodoma sherehe nyingi ni uwanjani chini ya turubai, na mtu anapima mziki wake sebuleni. Sebuleni kuta zinarudisha besi, nje inaondoka moja kwa moja. Kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6, ile 118 ya mita 1 ukifika mita 16 ni 94, na watu wanapiga stori juu yake. Hayo ni mahesabu, halafu ongeza upepo wetu wa Juni mpaka Septemba. Upande unakotokea upepo sauti inapinda kwenda juu, viti vya huko hawasikii kitu, wa upande wa pili wanaziba masikio. Usiku ardhi ikishapoa haraka mambo yanageuka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapindishwa chini na kusafiri mbali, ndio maana saa nane usiku analalamika mtu wa kata ya Mnadani huko wakati saa kumi jioni hata meza ya ndugu wa bwana harusi walikuwa hawasikii. Wati hazijabadilika hata moja.

Kwa hiyo mzee wangu nitampa sabufa mbili za inchi 15, na zitakaa pamoja sehemu moja chini kwenye ardhi. Najua MC atataka moja kulia moja kushoto zipendeze kwenye picha. Wimbi la 80Hz lina urefu wa mita 4 na kidogo, ukizitenganisha mita nane kuna sehemu uwanjani besi ya huku inakutana na ya kule zinafutana, mtu akihama kiti kimoja besi inapotea. Zikikaa pamoja zikapewa wati zile zile kila moja, unapata mpaka desibeli 6 zaidi ya moja.

Ila hakikisha plus iko kwenye plus. Chukua betri ya redio ya 1.5V, gusisha kwenye waya za kila sabufa kabla hujaunga ampu. Koni zote mbili zitoke mbele. Moja ikiingia ndani, geuza waya zake, na betri ya gari usije nayo karibu.