Dawa ya saratani ikigoma: yanayosemwa na ukweli wake

"Mwili umeizoea dawa." Hapana, zilizobadilika ni seli za saratani. Uvimbe wa sentimita 1 tu hubeba seli zinazokaribia bilioni 1, na hazifanani zote. Mara nyingi chache kati yake huwa na kasoro ya jeni inayozikinga hata kabla ya dozi ya kwanza. Dawa huua zilizo dhaifu, hizi zikabaki na kuzaana. Ndiyo maana uvimbe husinyaa miezi kadhaa kisha ukaanza kukua upya, na ndiyo maana madaktari huchanganya dawa: seli iliyoponyoka dawa ya kwanza ikutane na dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine.

"Ikishindwa, ongeza vidonge." Huu ni ushauri wa hatari. Katika saratani ya damu aina ya CML, dawa ya imatinib hujipachika kwenye mfuko mdogo wa protini iitwayo BCR-ABL, inayoichochea saratani hiyo, na kuizima. Mabadiliko ya jeni yaitwayo T315I hugusa asidi amino (kijenzi cha protini) moja tu, ya 315, lakini hiyo moja iko pale pale dawa inaposhika. Ukimeza mara mbili hutazima kitu, utaongeza kichefuchefu na uvimbe wa kope. Hapo inahitajika dawa ya umbo jingine, kama ponatinib.

"Kuruka siku chache hakudhuru." Kwa CML, kukosa zaidi ya dozi 3 kwa mwezi hupunguza sana uwezekano wa kuidhibiti saratani. Kwa hiyo kabla ya kutamka neno usugu, daktari mzuri huuliza kwanza: vidonge vimemezwa kila siku? Pamoja na nini? Rifampisini ya kifua kikuu huchochea ini kuivunja imatinib haraka, kiwango chake kwenye damu kikashuka vibaya. Huo si usugu wa seli. Dawa haikuzifikia kwa kiasi cha kutosha. Mwambie daktari kila unachomeza, mitishamba ikiwemo.

"Kinyama cha mwanzo kilichokatwa kwenye uvimbe kupimwa kinatosha." Saratani ya leo si ile ya siku ya kwanza. Katika saratani ya mapafu yenye kasoro ya jeni ya EGFR, takribani nusu ya wagonjwa waliogomewa na dawa za gefitinib au erlotinib huwa na badiliko jipya la jeni hiyo, T790M, na dawa ya osimertinib inaliweza. Kipimo cha damu kinaweza kulionyesha. Kisipoliona, usiishie hapo: uvimbe huenda haumwagi DNA ya kutosha kwenye damu, kwa hiyo kichukuliwe kinyama kipya panapowezekana.