Je, wajua kwa nini familia za mafundi wa kusubu hazigawi sufuria yao kuukuu?

Waulize mafundi wa Moshi au Arusha wanaoyeyusha alumini chakavu na kuisubu, yaani kuimimina kwenye umbo, iwe sufuria na vikaango walikojifunzia kazi, na usishangae ukijibiwa "kwa mzee" au "kwa mjomba". Wengi huamini familia hizi zinaficha siri ya moto. Siri ipo kweli, ila moto hauna siri kubwa. Iko kwenye mchanga, na kwenye sufuria moja kuukuu ambayo haiuzwi kwa bei yoyote.

Kwanza tusiwachanganye na wahunzi. Kule Mamba, jirani na Marangu, koo za wahunzi wa Kichaga zilifua mikuki, visu na majembe tangu enzi za Wamangi, watawala wa Kichaga. Chuma kilitoka Ugweno, Upare Kaskazini, ambako masimulizi yanasema Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala kabla Wasuya hawajawapindua. Wamasai nao wana Ilkunono, wahunzi ambao kwa desturi watu wa koo nyingine hawakuoana nao. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja. Laana ya nyundo yake haikuwa jambo la mzaha. Kwa maoni yangu, hofu hiyo ilifanya kazi ya leseni: nani angethubutu kufungua karakana bila kuzaliwa humo?

Lakini wahunzi hao walifua, hawakusubu. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto lisilofikiwa na tanuru ya udongo inayopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Kilichotoka humo ni bonge lenye vitundu na takataka, ambalo lilipigwa nyundo likiwa jekundu hadi lishikane. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Mkaa na feni vinatosha, ndiyo maana kazi ya kusubu inaweza kufanyika hata uani mwa nyumba.

Sasa mchanga. Fundi huchukua sufuria ya mfano, huizika ndani ya fremu na kuishindilia mchanga laini wenye udongo kidogo, kisha huitoa taratibu. Nafasi inayobaki ndiyo kalibu, na alumini iliyoyeyuka humiminwa humo. Unyevu ndio kila kitu. Mchanga mkavu hubomoka. Ukilowa mno, maji hugeuka mvuke unaochukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe. Chombo hutoka na matundu, au alumini ya moto humrukia fundi usoni. Fundi hupima kwa kufumbata konzi ya mchanga na kuuvunja vipande viwili: ukikatika kingo zikabaki kali, unafaa. Namna ya kupima inaelezwa kwa sentensi moja, ila kiganja kinachojua tofauti hupatikana kwa kukaa karakanani tangu utotoni, na mtoto wa fundi yuko hapo hapo hata asipotaka.

Halafu ile sufuria kuukuu. Alumini ikipoa husinyaa, takriban asilimia 1.3 kwa urefu. Sufuria ya mfano yenye kipenyo cha sentimita 30 huzaa ya sentimita 29.6. Mtu akinunua hiyo mpya na kuifanya mfano wake, atapata ya 29.2, na akiendelea kunakili nakala, ya tano itafika sentimita 28.1. Mfuniko wa zamani hauingii tena, na mteja aliyezoea kipimo fulani ataona mara moja. Kwa hiyo mwenye sufuria ya kwanza, iliyotengenezwa kubwa kidogo makusudi, ndiye mwenye biashara. Mzee akifariki, watoto hugombea hiyo kabla ya tanuru. Tanuru hujengwa upya kwa siku chache.

Kitu kingine kinachorithishwa ni jicho la kuchagua chakavu. Pistoni na vichwa vya injini hupendwa kuliko nyaya za umeme, kwa sababu vina silikoni. Silikoni hushusha joto la kuyeyuka na kuifanya alumini itiririke hadi kwenye kona nyembamba za kalibu kabla haijaganda. Waya ni alumini karibu tupu, mzito kutiririka, na sufuria yake hutoka na mikunjo.

Hapo ndipo na mnunuzi anapohusika. Chakavu cha kila aina kikitupwa tanuruni pamoja, risasi, ile metali yenye sumu, nayo inaweza kuingia, na tafiti katika nchi kadhaa za Afrika zimeikuta kwenye sufuria za namna hii. Haionekani kwa macho wala haina harufu. Vyakula vyenye uchachu, kama mchuzi wa nyanya au wa ukwaju, huitoa kwa urahisi zaidi, hasa vikilala humo usiku kucha. Muulize fundi anayeyusha nini, na mchuzi uhamishie chombo kingine ukishaiva.